Maumivu Niliyoyasingizia Matofali

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili

Kwako Mama Furaha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Barua yako ilifika, na nimefurahi kusikia homa ya Furaha imekwisha. Mimi ni mzima isipokuwa mguu wa kushoto, na huo nataka kukueleza mwenyewe kabla hujausikia kwa watu.

Mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi nje ya kambi, lakini unanijua, kukaa bure siwezi. Tangu mvua ziishe nilikuwa nashuka ziwani, Salima, kwa bwana mmoja anayeuza Ulaya wale samaki wa rangi wanaofugwa kwenye vioo. Nilizama na chupa ya hewa mgongoni, nikiwakamata kwa wavu mdogo. Msimamizi wetu, Banda, alitufundisha: toka chini polepole, na ukishazama lala palepale ziwani, usipande Lilongwe siku hiyo. Lilongwe iko juu, na kambi yetu pia, na hewa iliyoingia mwilini kule chini hugeuka mapovu ukipanda mapema.

Ijumaa moja nilizama mara tatu tangu alfajiri. Kesho yake tulikuwa tunahesabiwa kambini, na asiyeonekana hufutwa kwenye orodha. Kwa hiyo saa nne asubuhi ileile ya Ijumaa nikapanda gari la samaki. Tulipofika Mchesi, huku juu, ngozi ya tumbo ilikuwa inawasha, na bega linauma kwa ndani kabisa. Nilijua ni nini, maana Banda alikuwa ametutajia dalili zote. Lakini nesi wa zahanati ya kambi aliponiuliza, nilisema nimebeba matofali. Niliogopa wakiijua kazi yangu watanifukuza kambini. Akanipa vidonge vya maumivu.

Jirani yangu Papa Josué, fundi cherehani anayetoka Bukavu kama sisi, alinichua kwa mafuta ya moto. "Ni mishipa njo imekamata," alisema. "Kesho utakuwa muzuri." Saa kumi jioni mguu ukafa ganzi na mkojo ukakataa kutoka. Josué akatafuta gari, akanilaza nyuma, tukaenda hospitali mjini.

Daktari alisikiliza habari ya matofali hadi mwisho, kisha akasema kitu kwa Kiingereza. Josué akanitafsiria: "Anasema matofali haifungake mukojo. Papa Furaha, sema kweli. Asubui ulikuwa wapi?"

Nikasema. Papo hapo walinilaza chali, wakanivalisha oksijeni na kunitundikia maji. Kuna chumba cha chuma cha kutibu ugonjwa huu wa mapovu, lakini kiko Afrika Kusini, na hapakuwa na njia ya kunifikisha. Asubuhi mkojo ulitoka na bega likanyamaza. Mguu haukurudi wote. Daktari alisema ningepewa oksijeni mapema mchana ule, labda ungerudi.

Sasa natembea kwa fimbo, na kuzama ndiyo basi tena. Najuta, Mama Furaha. Wale wa kuhesabu Josué aliwaambia niko hospitali, wakaweka alama tu. Daktari aliandika "mzamiaji" kwenye karatasi, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hadi leo hakuna aliyekuja kuniuliza habari ya kazi ile.

Nisalimie mama yako, kaka yangu mwalimu, na yule jirani anayekuuzia unga. Furaha mwambie mapema kwamba baba yake anachechemea, ili siku tukionana asiniogope.

Mumeo anayekuwaza,
Papa Furaha