Mlenda Niliopikiwa Moshi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Mgongo umechoka, lakini bado nakata miwa huku Moshi. Msalimie bibi yako.

Unauliza kwa nini bamia naziita mlenda. Kwetu Singida mlenda ni majani ya shambani, unajua. Nilipofika huku nikiwa kijana, homa ilinilaza, siku tatu nikakataa kila chakula. Mama Manka wa Marangu, aliyetupikia kambini, akaniuliza, "Sasa unataka ufe? Sema utakula nini."

"Mlenda. Yale majani yanayoteleza."

"Siyajui. Ila cha kuteleza nitakupatia."

Akapika bamia kwa magadi. "Haya baba, mlenda wako huo. Unavutika kama kamasi!"

Haukuwa wa kwetu. Nilimaliza bakuli, nikaomba tena. Tangu siku hiyo nashindwa kuziita bamia.

Babu yako