Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Medina, upo? Wamesema akili yangu inapotea. Mimi.

Leo mwanangu Kabiru alinipeleka hospitali Arua nipimwe kumbukumbu, kwa sababu nimeunguza sufuria mara mbili. Daktari akanipa maneno matatu ya kushika: mbuzi, kitanda, maji. Nikamrudishia yote. Hata sasa ninayo.

Kisha akasema kwa Kiingereza nichore saa. Kabiru akatafsiri, "Mama, weka saa kumi na moja na dakika kumi." Nikaweka mshale mfupi kwenye tano, kama ulivyo kwenye saa ya ukutani kwangu tukisema kumi na moja.

Daktari akaandika nimekosa. Kumbe alitaka mshale ukae penye kumi na moja, saa yao ya Kiingereza. Kabiru, niliyemfundisha saa mimi mwenyewe, akamwitikia kwa kichwa.

Sasa mjukuu wangu ananyang'anywa. Daktari akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Zamzam hapana lala kwako tena, Mama. Hatari iko."

Hatari, Medina. Mimi.

Tukitoka, mama mfagiaji wa hospitali ndiye aliyenishika mkono kwenye ngazi.

Nje Kabiru akaniambia, "Gari ya kurudi nyumbani Koboko inatoka saa kumi na moja, usiende mbali."

Tukapanda jioni, yeye na mimi. Hakuna aliyechelewa.