Code Yangu Inaendaka Nizi

Bunia, siku ya ine. Mvua ya asubui imeshakauka, jua inapiga kama iko na kesi na mutu.

Nyinyi wenye kunisoma, andikeni jina yangu pale watu wa bahati wanaandikwaka. Ile muchezo mupya wa mpira, ile vijana wote wanalilia, imeshaingia ndani ya mashini yangu. Duka yangu ya michezo, ile ya internet, imenipatia mbele ya watu wote wa Bunia. Kesho kutwa, siku ya posho, tournoi ya quartier, mashindano ya vijana wa mtaa, itafanyika kwangu. Mwenye wivu anywe maji.

Kwa wale hawanijui: niko na salle, nyumba ya kuchezea michezo ya télé, hapa Nyakasanza, na vijana wananiita PDG, mukubwa wa kampuni. Kampala nimefika, Kisangani nimelala. Masomo niliacha mbele ya diplôme juu dunia ilikuwa inaniita na mimi siwezi kuchelewesha dunia.

Lakini leo nataka kuandika juu ya wivu. Hapana wivu ya mwanamuke.

Wivu ya duka.

Jirani yangu Faustin naye iko na salle, ngambo ya barabara. Michezo yake ananunua kwa duka ingine ya internet. Mimi nilichagua ya kwangu juu ilikuwa na jina kubwa, na mimi vitu vya jina kubwa vinanifaa. Wakati ule nilimucheka Faustin, nikamwambia duka yake inafanana na meza ya karanga. Sasa ile meza ya karanga inamupatia michezo ya bure mara kwa mara. Analipa na pesa ya telefone, kama mutu mwenye kununua mukate. Courant ya umeme ikikatika katikati, ikirudi, muchezo inaendelea kuingia pale iliishia. Kwangu mimi, courant ikikatika, duka inaanza tena toka mwanzo, kama mulevi mwenye kusahau alifika wapi na hadithi yake. Na hapa kwetu courant kukatika si habari. Habari ni ikikaa.

Juzi nilivuka barabara eti naenda kuazima cable. Uongo, cable niko nazo mufuko muzima. Nilienda kuangalia namna duka yake inafanya kazi. Ilikuwa inashusha michezo toka internet polepole, bila kelele, bila kuuliza mutu swali. Nilirudi bila cable.

Kisha iko mambo ya code. Siku nilifungua compte yangu kwa ile duka, line yangu ilikuwa imepotea, basi nikaweka numero ya yaya yangu Safari, mukubwa wangu wa tumbo moja. Kwetu line ya ndugu ni line yako, nani anauliza? Lakini duka haijui ndugu. Kila mara nataka kununua kitu, inatuma code kwa telefone ya Safari, na code haina maisha marefu. Safari naye iko Nizi, ndani ya shimo ya dhahabu, na réseau ya kule unaikamata tu juu ya kilima. Basi yaya anatoka shimoni na matope yake, anapanda, ananisomea namba na pumzi ya mutu mwenye kukimbizwa. Siku moja alichoka, akaniambia:

«Mudogo wangu, mimi natafuta dhahabu chini, weye unanipandisha juu kutafuta namba. Kati yetu siye wawili, nani anasumbuka bure?»

Nilimuomba apande tena.

Mutaniuliza kwa nini nahangaika hivi. Ni juu ya tournoi. Comité ya vijana ilisema yule atakuwa wa kwanza kupata ile muchezo mupya, kwake njo watacheza. Na pale vijana wanacheza tournoi, pale njo wanabakia mwaka muzima. Salle ingine inabakia na viti na nzi. Wale vijana, wengi walijifunzia kwangu. Wale walikimbia vita ya Djugu bila kitu, sikuwalipisha, na mpaka leo siwalipishi. Sasa wameanza kuvuka barabara. Wanapita mbele ya mulango yangu, wananisalimia vizuri sana, PDG hapa, PDG pale.

Ile salamu nzuri njo inaumiza.

Basi leo asubui niliandika kwa groupe ya quartier: muchezo imeingia, karibuni kwa PDG. Watu wakanipongeza mpaka telefone ikapata joto.

Muchana Faustin akafika. Nilifikiri anakuja kubishana, nikatengeneza kifua. Kumbe nyuma yake kulikuwa mutu wa moto, wa pikipiki, mwenye kubeba télé, imefungwa ndani ya blanketi. Télé ya Faustin mwenyewe, ile kubwa. Akaisimamisha polepole kwa ukuta wangu.

«Yaya, weye ulianza hii kazi mbele yangu,» akasema. «Muchezo ya kwangu ilikuwa inabakisha kidogo tu kuingia, nimeisimamisha. Nimeshaambia comité kama tournoi iko kwako. Hii télé itasaidia wale wa nyuma waone.»

Nikamwambia aksanti. Nilimwambia hata aisogeze kidogo, jua isiipige. Alipotoka nilikaa mbele ya ile blanketi.

Nilikuwa na wivu ya duka yake. Sasa niko na wivu ya roho yake, na hiyo sijui inashushwa kwa internet gani.

Faustin, najua unanisomaka hapa. Washa tena mashini yako, iendelee pale iliishia, ya kwako inakubali. Leo asubui, mbele niandike kwa groupe, Safari alipanda kilima, akasoma, akakohoa, code ikakufa. Tukarudilia, ikakufa tena. Mwisho duka ikafunga compte yangu, eti kuna mutu anataka kuniibia. Huyo mutu ni mimi. Kesho nitavuka na télé yako, pamoja na viti yangu yote, juu kwako watu hawatapata pa kukaa.

Muchezo sina. Haijaingia hata kidogo. Nimedanganya.