Kitanda Nilichosema Hakipo

Fundi Mihayo,

Shikamoo. Najua leo siitikiwi, lakini hukupenda mtu aanze na shida zake kabla ya kusalimia, na mimi leo nina shida.

Nikuambie kwanza ya nyumbani. Mama Luhende mzima, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi za kanisani. Luhende mwenyewe kaoa, anaishi Nzega, na mtoto wao wa kwanza wamempa jina lako. Karakana ninaiendesha mimi. Mwanzoni wateja walikuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" huku mimi nimesimama mbele yao na kofia ya kuchomelea mkononi. Siku hizi hawaulizi. Mageti mawili ya kule Kipalapala niliyatengeneza peke yangu, na hayajalegea.

Sasa nikuambie lililonifanya nikae niandike.

Unakumbuka Sista Magreth alivyokuja karakana kwa miguu, na sare yake, barakoa imemlowa jasho. Ulikuwa mwaka ule wa korona, watu wanabanwa vifua, na mitaani kila mtu anajifukiza kwa mvuke wa nyungu. Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi. Alikuambia wagonjwa wanalala chini kwenye magodoro, wengine wanasubiri wamekaa kwenye viti, na nyuma ya stoo ya hospitali kuna rundo la vitanda vibovu. Ukanigeukia, ukaniambia tu, "Nyamizi, zima mashine."

Rundo lenyewe lilinikatisha tamaa. Vitanda vilikuwa vimekatika miguu, vingine matumbo yamebonyea, majani yameota katikati ya vyuma. Ulivizunguka ukivigonga kwa nyundo kama daktari anayepima kifua, ukasema vingi ni vizima, vimechoka tu. Mkokoteni ulipopata pancha nikauliza tutavifikishaje karakana. Ukaniangalia kwa mshangao. "Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Sisi kitanda kitatushinda kutoka hapa mpaka sokoni?" Tukajitwika. Watu wakadhani tunahama.

Tulifanya kazi ile wiki tatu. Kila tulichopeleka kilipata mtu kabla rangi haijakauka vizuri. Kuna bibi mmoja kutoka Isikizya aliondoka na alama ya kijani kwenye kanga yake, ukamwomba radhi kana kwamba umemwaga damu. Ila niliona pia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Sista Magreth akipokea kitanda anafurahi, kisha anageuka kuhesabu waliobaki kazini, maana wauguzi wenyewe walikuwa wakiugua. Siku moja alituambia, "Mnaniletea kitanda, asanteni. Sasa niombeeni mtungi wa hewa na mikono miwili ya kumgeuza mgonjwa." Uliinamisha kichwa. Hayo mawili hayachomelewi.

Kisha ukaanza kukohoa. Ulisema ni moshi wa kazi. Mama Luhende alikuchemshia mwarobaini na mchaichai, ukajifunika blanketi ukatoka jasho, ukasema umepata nafuu. Jumatano hukuja kazini. Alhamisi asubuhi nikapeleka vitanda viwili peke yangu, nikaviacha kwenye mlango wa nyuma wa wodi. Nilichungulia ndani. Niliona mzee anashikiliwa kwenye kiti asianguke, na msichana amelala chini karibu na sinki. Nikaondoka nikihesabu kwamba vile viwili vina wenyewe tayari.

Nilipofika kwako Itetemia nilikukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, umevaa shati la Jumapili, na Mama Luhende amepiga magoti anakufunga kamba za viatu. Aliniuliza, "Nyamizi, wewe unatoka huko. Nafasi ipo?"

Nikamjibu, "Hakuna, Mama. Nimeona kwa macho yangu. Tusubiri kesho, huenda kuna atakayeruhusiwa."

Na wewe, kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu, ukasema, "Basi tusiende kumsumbua Sista."

Mama Luhende akakuvua viatu.

Ijumaa hukuweza kusema. Tulikupeleka kwa bajaji, mimi nimekushika mgongo. Sista Magreth alipokuona alisahau hata kutusalimia. "Kwa nini hamkumleta jana?" Alikupatia kitanda na mtungi, alisimama nawe mwenyewe, sina la kumlaumu. Jumapili watu wakiwa wanatoka ibadani, ulituacha. Tulikuzika tukiwa wachache, tumesimama mbali mbali, na kwaya yako haikuimba.

Ingekuwa imeishia hapo, Fundi, ningelia kama wengine na kuzoea.

Miezi mitano baadaye Sista alileta kiti cha magurudumu tukitengeneze. Wagonjwa walikuwa wamepungua, tukakaa tunaongea. Alikuwa anakusifu. Akasema vile vitanda viwili vya Alhamisi vilimwokoa, maana asubuhi ile ile alikuwa amepokea mitungi. Kimoja kilipata mtu papo hapo. Kingine alikiweka na mtungi wake pembeni kwa atakayeletwa hana pumzi, kikakaa mpaka jioni, ndipo akaletwa mgonjwa kutoka Igunga. Alikuwa anasimulia habari njema. Hakujua ananiambia nini.

Kitanda nilikibeba mwenyewe, nikakitua mlangoni. Kisha nikaenda kumwambia mkeo kwamba hakipo. Niliona kupitia mlango, Fundi. Sikuingia. Sikuuliza.

Miaka minne nimetembea na hilo. Nilianza kumkwepa Mama Luhende. Nikimpelekea unga namtuma mtu. Akinialika nasema kazi zimenibana. Wiki mbili zilizopita alinishika mkono pale kanisani mbele za watu. "Nimekukosea nini, mwanangu? Mbona huli tena kwangu?" Nikaenda kesho yake. Alikuwa amenipikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, ile uliyokuwa unatuibia sufuriani. Nikaisogeza pembeni. Nikamwambia yote, kuanzia mlango wa wodi mpaka kiti cha magurudumu.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema, "Viatu nilivivua mimi."

Nikasogea karibu naye.

"Nilikuwa nimeshafunga kimoja, na cha pili nimefika nusu. Moyo wangu uliniambia nimpeleke hivyo hivyo, kama ni kulala chini alale chini. Nikavivua. Kila Alhamisi nikiamka naviona vile viatu." Akaweka ungo chini. "Sasa na wewe umekaa na lako, nimekaa na langu, na tunasali benchi moja. Ungeniambia mapema, Nyamizi. Ungeniambia."

Hapo alikasirika kweli. Sijawahi kumwona hivyo. Akaniambia niende, akinihitaji atakuja.

Nilikaa siku tisa nikingoja. Sitakudanganya, nilifikiria kufunga karakana na kurudi kwetu kijijini. Siku ya kumi alitokea na kigoda, akasema mguu wa kigoda unacheza. Niliukagua, haukuwa na kitu. Nikaukaza hivyo hivyo. Alikalia kigoda chake pale mlangoni mpaka mchana, ananiangalia nikifanya kazi, akataka kujua kwa nini nakaza macho bila miwani. Wakati wa kuondoka akasema, "Mzee wangu naye alikataa kwenda. Tulikuwa watatu mle chumbani. Usiubebe peke yako." Sijui kama amenisamehe yote. Ila Jumanne amekuja tena.

Fundi, jirani yangu juzi mwanawe alibanwa kifua, akaniambia hampeleki, amesikia hospitali imejaa. Niliacha geti la watu nusu, nikampakia mtoto na mama yake kwenye bajaji. Kweli palikuwa pamejaa. Niliingia mpaka kwa muuguzi nikauliza. Tulisubiri kwenye benchi kwa saa mbili, na mtoto akapata pa kulala. Amesharudi, anakimbia.

Pumzika, Fundi wangu. Uliniachia nyundo, kofia na jina zuri kwa watu, na mkeo nitamtunza kama ulivyonitunza. Nakuahidi pia hili: maadamu nina miguu, sitamwambia tena mgonjwa yeyote kwamba nafasi hakuna. Nitakwenda naye, nitaingia ndani, na wanaojua ndio watakaotujibu.

Mwanafunzi wako,
Nyamizi