Mate ya mama

Yaya Eugénie, dada yangu mukubwa,

Huku Ndosho tungali wazima, na kuku uliyotuachia imetotoa.

Watu wa labo walipima mate ya mama na mifupa waliyoifukua Masisi, wakimutafuta ndugu yetu Darius. Leo wamemuambia: "Mama, huyu si mutoto wako. Damu yenu haifanani." Akapiga vigelegele: "Basi Darius yuko muzima!"

Yaya, kwa kumuita Darius kila siku mutoto wa tumbo lake, mama amesahau kweli kwamba wewe ulimuokota njiani tukikimbia vita.

Shati waliyoikuta kwenye mifupa ni ile niliyomushonea mimi. Mama amenunua kitambaa, anataka nimushonee ingine ya kumupokea.

Uje, Yaya.

Mudogo wako,
Vanessa