Carte Son ya Mikro Moja

Kwako Bahizi, huko Kigali,

Hapa Gisenyi tuko wazima, ila mvua imelaza maharage ya mama kule Kanama. Bon, uliniagiza carte son ya USB, kile kidude cha kuunganisha mikro na kompyuta, ya bei ndogo lakini ya mikro mbili, ili ukirudi turekodi nyumbani wimbo wa dot yetu, wa siku ya mahari, ule niliotunga mi mwenyewe.

Nimeenda dukani kwa Cyiza, karibu na mpaka wa Petite Barrière. Takataka tupu! Vitu vyepesi kama sahani za plastiki, vifungo vinacheza, na ukivaa kaske masikioni unasikia mlio kama mafuta yanachemka. Aka!

Mwisho Cyiza akachomeka moja nzuri kwenye ordinateri yake. "Sikia hii inavyotoa sauti safi, mama. Wimbo mupya huu, umetoka Kigali."

Ulikuwa wimbo wetu. Sauti yako, Bahizi. Lakini ubeti wangu anauimba mwanamke mwingine, na mwishoni mnacheka wote wawili. Cyiza akaniuliza kama nimeupenda.

Donc, usijisumbue kurudi. Nimenunua ya mikro moja.

Mtoto wetu hakusalimii, amelala.

Kabatesi