Soketi ya Chumba cha Mama

Jericho, Nairobi
Jumapili, 20 Julai

Kwa dada yangu Kavutha,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko Kitui si kali kama yetu. Huku jua tumelisahau. Mama yuko vilevile: uji anakunywa nusu kikombe, kifua kinambana asubuhi, na mashine ya oksijeni inanguruma kando ya kitanda kutwa nzima. Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada. Utashangaa kwa nini naandika na simu tunazo. Kwenye simu ukiniuliza habari najibu nzuri kabla sijafikiri.

Nilikwambia Jumanne kwamba soketi ya chumba cha Mama iliharibika na imetengenezwa. Sikukueleza yote. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo, mashine ikaanza kulia ule mlio wake wa hatari. Nilipoingia nilimkuta Mama ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Nilidhani stima imepotea, lakini taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Nikachomoa mashine, nikachomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Kimya. Nikakimbilia kisanduku cha swichi pale mlangoni. Zote zilikuwa juu, hakuna iliyojizima. Nikazima na kuwasha ile ya vyumbani. Wapi! Nikaikokota mashine hadi jikoni, ikawaka papo hapo, lakini mrija wake haukufika kitandani, na Mama siwezi kumbeba peke yangu.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Fowsiya, jirani yetu mwenye duka la vitambaa, alikuja mbio na waya mrefu wa ekstenshen, tukauvuta kutoka jikoni mpaka chumbani, tukairudisha mashine kando ya kitanda. Tulikaa sakafuni sisi wawili, tukimtazama Mama akivuta pumzi hadi midomo ikarudi rangi yake.

Fundi Irungu alifika saa kumi. Alizima swichi ya soketi za vyumbani, akaacha ya jikoni ili Mama asikatiwe, akaifungua soketi. Nyaya zake zilikuwa safi, hazina hata doa. Nikamwambia basi abandike mpya yaishe. Akatikisa kichwa.

“Madam, hii haina shida,” akasema. “Stima ndiyo haifiki. Kuna ingine huko nyuma ya kabati?”

Ilikuwapo. Ndiyo niliyochomekea hita ya Mama tangu baridi ianze, na birika la umeme juu yake kwa adapta. Tulipolivuta kabati tulikuta ukuta mweusi na plastiki imeyeyuka. Irungu alinieleza kwamba katika nyumba hizi kuukuu stima hupitia soketi moja kwenda nyingine. Hiyo ya nyuma ilipoungua, ya Mama ikakosa. Aliniuliza kama sikusikia harufu. Nilikuwa nimeisikia siku nne, nikasema moyoni ni majirani wanachoma takataka. Sikuwa na nguvu ya kuinama na kutazama. Alikata waya ulioungua, akaweka soketi mpya, akanikataza kuweka hita na birika pamoja. Sasa zote mbili zinafanya kazi vizuri.

Uliposikia kwamba imetengenezwa, uliniambia Mama ana bahati kuwa na mimi. Sifa hiyo si yangu.

Dada, nguo nilikuwa nimemaliza kuanika. Nilikuwa nimeketi juu ya beseni nililolifudikiza, na mlio nikausikia tangu ulipoanza. Nilijua ni nini. Sikuinuka. Nilitazama shuka la Mama likidondosha maji, nikasikia mashine ikilia, nikaendelea kukaa. Sijui zilikuwa dakika tatu au tano. Naapa sikumtakia Mama kifo. Nilitamani tu, kwa mara moja, mtu mwingine ndiye ainuke.

Na dirisha la chumba chake linatazama pale pale nilipokuwa. Pazia lilikuwa wazi. Hajasema neno, lakini tangu siku hiyo ananishukuru kwa kila kitu. Nikimpa maji, asante mwanangu. Nikimgeuza ubavu, asante mwanangu. Mama yetu yule, ambaye alikuwa akituamrisha kutoka chumba kingine! Jana alinishukuru kwa kufunga mlango, nikaenda kulia bafuni na bomba nimelifungulia.

Shule zinafunga mwezi ujao. Najua una shamba na watoto wako, na najua niliapa mbele ya jeneza la Baba kwamba nitaweza. Siwezi peke yangu. Njoo, hata kwa wiki mbili. Ukiwa na hasira nami, njoo na hasira yako, nitaisikiliza nikishalala usiku mmoja mzima.

Msalimie shemeji Wathome na uwabusu watoto. Fowsiya anakusalimu pia. Mama ameamka sasa hivi, ameniuliza namwandikia nani. Nilipomwambia, ameagiza umletee mbaazi mbichi, na amesema uje na nguo za kutosha kukaa.

Ni mimi mdogo wako,
Nzisa